Wewe Juu ya Mkaratusi, Mimi Chini na Kamba

Mpendwa Baba Kemunto,

Huku laini, kwenye nyumba zetu za wachuna chai, bado wananiuliza kama ni kweli. Juzi tu, tukingoja majani yapimwe, msichana mmoja mgeni aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Ati ni wewe ulikuwa unamshikia mzee kamba?" Nikamwambia ni mimi, na kama ana shaka aulize kampi nzima. Sina haya. Wewe kujisifu ulikuwa bingwa, na mimi nimekaa na wewe hadi nikaambukizwa.

Lakini unajua hiyo kazi yako niliichukia tangu mwanzo. Ulitoka kupasua mbao kule Londiani ukaja hapa na shoka lako, na kila mti uliowashinda wengine ukawa wako: uliokauka juu, uliopasuliwa na radi, ulioegemea kiwanda. Ulipanda miguu mitupu, kamba kiunoni, ukigonga shina kwa kisogo cha shoka usikie kama ndani ni mzima. Na ukiona watu wanatazama, aka! Ndipo madaha yalipozidi. Mimi nilikuwa nachuna chai ng'ambo ya bonde nikisikiliza shoka lako, na likinyamaza, vidole vyangu pia vinaganda. "Siku moja utaletwa kwangu ndani ya blanketi," nilikwambia. Ukacheka. "Mama Kemunto, mti wa kuniangusha mimi haujaota." Nikipiga magoti nilikuwa na ombi moja tu: Mungu, usimchukue mtini.

Halafu ukaja ule mkaratusi wa laini yetu. Mvua ilikuwa imeuondolea udongo kwenye mizizi, nao ukalala upande wa nyumba zetu. Kuukata chini ni kuuangusha juu ya paa. Ilibidi upande, ukate tawi moja moja, kila tawi lifungwe kamba iliyopitishwa kwenye panda ya juu, na huku chini kamba izungushwe kwenye kisiki, iachiliwe polepole jinsi mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Nyapara akakupa wale wanaume wanaovuta magogo ya kiwanda. Watu wa nguvu kweli, lakini kazi yao ilikuwa na wimbo: mmoja akianza, wote wanavuta. Ukakata tawi la kwanza, ukapiga kelele, "Legezeni!" Wapi! Wimbo ulikuwa umeshapamba moto, wakavuta. Tawi likaruka likagonga shina karibu na goti lako, mti ukatikisika wote, na mimi niliyekuwa nimekuja mbio na kikapu mgongoni nikaona mguu wako mmoja unaelea hewani. Nilipiga ukemi uliosikika hadi kiwandani.

Ulipopata pa kukanyaga ulisema kwa ukali ambao sijausikia tena, "Wacheni hiyo kamba. Apewe mke wangu."

"Mwanamke ashike kamba?" nyapara akashangaa.

"Basi panda wewe."

Nikavua kikapu. Nikaishika kamba kwa mikono miwili. Ukaniambia kutoka huko juu, "Nikisema legeza, legeza kidogo. Usimsikilize mtu mwingine hata awe nani." Nikakujibu, "Na wewe ukianguka, nitakuua." Hata nyapara alicheka.

Tukafanya kazi. Wewe unaita, mimi naachilia. Sikutumia nguvu nyingi, kisiki ndicho kilichobeba uzito. Mimi nilitakiwa tu kutokuwa na haraka, na hilo wale wanaume lilikuwa limewashinda. Kamba ilinichubua viganja. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kule juu ya msitu na sote tulijua mvua ya mawe ikitukuta, shina litateleza. Kipande cha mwisho cha shina kilitua kati ya jiko la jirani na choo, hakikuvunja hata chungu. Ukashuka ukitabasamu kwa watu. Kisha ukanisogelea ukaninong'oneza, "Leo niliogopa." Nilikupenda sana dakika ile, mzee wangu. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika.

Tangu hapo hukupanda mti mgumu bila mimi kuwa chini. Nyapara alinung'unika mpaka akachoka. Nilijifunza sauti zako zote, ya kuchoka, ya kubahatisha, ya kuficha maumivu, na kuna siku nilikushusha kwa nguvu ya mdomo tu, nikikwambia pa kukanyaga. Hakuna mti uliokupata. Hakuna! Hilo nitalisema hadharani popote.

Ukachukuliwa na kifua, kitandani, asubuhi kweupe, uji wako ukiwa bado na moto. Wanawake wa kanisa wananiambia nishukuru, ombi langu lilijibiwa. Kweli lilijibiwa, na ninashukuru. Lakini acha nikwambie wewe, kwa sababu wao hawawezi kuelewa. Ulipokuwa mtini ukiniita, nilijua la kufanya. Asubuhi ile uliniita kwa jina langu la usichana, kwa sauti ile ile ya kuomba nilegeze, na mimi nikakushika kwa nguvu zangu zote.

Nenda salama, mume wangu. Sasa nimelegeza.

Mkeo,
Mama Kemunto