Magoti ya Watoto wa Watu

Jumapili, DeSoto, Texas

Eti leo nimelionea wivu goti la kijana wa chuo.

Baba Neema ndiye anayewafunga bandeji na kuwakanda wachezaji wa mpira wa Kimarekani pale chuoni. Vijana wa safu ya mbele, wale wanaomkinga mrusha mpira, karibu wote wameumia. Waliowekwa badala yao wametoka sekondari juzi tu, hata kusimama vizuri hawajui, na jana huko Houston wamegongwa mpaka basi. Wote wanaishia mikononi mwake.

Amerudi mchana, hata viatu hajavua, simu ikaita. "Goti umeliweka barafu, mwanangu? Umekula?"

Mwanangu! Na sauti laini ile, mimi mara ya mwisho kuisikia...

Akamnyanyua Neema. Mtoto akaangua kilio kama kabebwa na mgeni.

"Mama Neema, huyu kawaje?"

"Hakujui. Kaa naye mpaka akujue. Simu nipe mimi."

Nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Ninachoogopa ni hicho tu, kwamba msimu wa mpira utaisha na mtoto bado anamlilia baba yake.

Kilio kikapungua, kikaisha. Nikachungulia. Anamkanda vijiguu taratibu, Neema kamkodolea macho, katulia tuli. Badala ya kufurahi, nikaona wivu upya.

Nikaingia, nikajilaza kando yao. "Ukimaliza na huyo, mgongo wangu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaanza na mabega.