Hewa Haichimbi Kaburi

Marwa, mdogo wangu,

"Alikuwa ananunua hewa." Ndivyo Baba Mdogo alivyosema matangani, mbele ya watu wote. "Mkurya hununua ng'ombe. Huyu alinunua meli za angani, za mchezo wa kwenye kompyuta. Huwezi hata kuzifunga kamba!" Nikamuuliza: na mpira unaoulilia kila Jumapili, goli huwa linaangukia zizini kwako? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Anataka kompyuta yako iuzwe siku ya kugawa mali.

Haiuzwi.

Hawajui ulivyokuwa unachagua. Mimi nilikuwepo, hapa Mugumu, kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu. Meli ya kwanza uliipendea pembe! Mizinga miwili mirefu, imechomoza mbele na kupinda juu kama pembe za dume la maonyesho. Ukainunua bila kuuliza inabeba nini. Haikubeba hata gunia. Wenzako wa mtandaoni wakakucheka wiki nzima. Ni sisi Wakurya tu tunaoweza kukosea hivyo. Ukaniambia, "Dada Bhoke, dume halikamuliwi." Ya pili ukachukua nene, ya sura mbaya, tumbo kama la ng'ombe mwenye mimba, nayo ikabeba mizigo na kukuingizia sarafu za mchezo. Nani kati ya wazee hawa hakujifunza mnada wa ng'ombe hivyo hivyo?

Halafu ya tatu. Moyo wako ulisimama ghafla, wewe bado unalinganisha mbili: ya vita, yenye kasi, na ile nzito ya kuwavuta waliokwama. Uliniuliza, "Dada, mnadani unatazama nini kwanza?" Nikasema, "Natazama nyumbani panapungua nini."

Otieno, mwenzako wa mchezo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikuja kukuzika. Baba Mdogo akamuuliza mlijuana wapi. "Nilikuwa nimekwama mbali, mzee, mafuta imeisha kabisa, Marwa akakuja kunitoa." Mbali wapi? "Angani, mzee." Baba Mdogo akatema mate. Lakini Otieno huyo ndiye aliyeshika sururu mpaka kaburi likaisha, vijana wa ukoo wetu wamekaa kivulini wanaulizia nyama.

Hewa haichimbi kaburi, Marwa.

Jana nilifungua kompyuta yako. Sarafu ulizoacha zilitosha meli moja. Sikununua ya vita. Najua, ungecheka: mimi, mgomvi wa wilaya nzima! Lakini kundi lenu lina wapiganaji tele. Aliyekuwa anarudi nyuma kumfuata aliyekwama ni wewe peke yako. Ndipo panapopungua. Nimenunua ya kuvuta, na tayari nimeigongesha kwenye kituo. Otieno ananifundisha, anasema naendesha kama nachunga mbuzi.

Lala, mdogo wangu. Akikwama mmoja wao, nitakwenda mimi. Naahidi.

Na kwa kuwa barua hii nitaisoma siku ya kugawa mali, sikia, Baba Mdogo, wewe na wazee wenzako mliokaa hapo mbele. Gaweni ng'ombe. Kompyuta haitoki mikononi mwangu. Ila meli mpya haina jina, na wewe ndiye uliyemchunga yule ng'ombe wa babu, aliyetupa maziwa sote mwaka wa njaa. Simama, mbele ya watu hawa, utupe jina lake, liwe la meli hii.