Sahani ya Baba

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa Malaga, Uhispania, katika kile kimgahawa cha nyuma ya soko la samaki alichokuwa akikitaja baba. Kumbe kipo kweli. Sisi tulidhani anatia chumvi, mambo ya mabaharia.

Unakumbuka alivyokufundisha? Mabiringani yakatwe membamba, yalowekwe kwenye maziwa na chumvi, yapakwe unga, yakaangwe mpaka yakauke ukingoni, kisha yamwagiwe asali ya miwa yangali moto. Alikuahidi kukuleta hapa. Badala yake, mwaka 1964 ulikimbia nami kutoka Unguja hadi Matrah, Omani, yeye akabaki nyuma, atufuate baadaye. Hatukupata barua hata moja.

Kila Ijumaa uliyakaanga, ukatia asali ya tende kwa kuwa ile ya miwa hatukuipata, ukamwekea baba sahani yake chini ya kawa. Jioni ukampelekea jirani. Nilikuwa na miaka minane, na sahani ile ilinitia wazimu.

Ijumaa moja ya mwaka 1966, ulipokuwa ukisali alasiri, niliifunua nikala yote. Siku ya pili yake ulikuwa uende kwa kadhi akuvunjie ndoa, maana binamu yako wa Sib, mtu mpole, alikuwa tayari kukuoa. Nilijua nitachapwa. Wewe ukafunua kawa, ukakaa chini, ukacheka huku unalia.

"Maiti hawali, mwanangu," ukasema. "Baba yako yu hai. Sasa nnajua."

Hukwenda kwa kadhi. Nami, kwa kuogopa kukuona umevunjika moyo, nikaendelea kuila kila Ijumaa, miaka minne. Ladha ilinitoka, nikawa nameza tu. Ulikuwa ukizungumza na baba ukikaanga, na mara nyingine nilihisi yuko nyuma yangu, ananitazama ninavyokula chake. Niliiogopa nyumba yetu.

Mwaka 1970 watu wetu wakaanza kuja kwa wingi. Mmoja wao, aliyekuwa jirani yetu Unguja, alitutembelea akakuhadithia kwamba baba alizikwa wiki ile ile tuliyoondoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwosha. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza jambo moja.

"Basi nani alokuwa akila?"

Mgeni hakuelewa. Mimi niliinamisha kichwa. Hukuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka ulipofariki, na mabiringani hukukaanga tena. Binamu yako alikuwa ameshaoa kitambo.

Nilikuwa mimi, mama. Nilikufanya umngoje marehemu ujana wako wote. Nisamehe.

Leo nimeagiza sahani mbili. Yako iko mbele ya kiti kitupu, imeshapoa, na safari hii mkono wangu haufiki. Mhudumu ameniuliza kama kuna mtu ninayemngoja.

Nimemwambia yu njiani.

Mwanao,
niliyekula cha baba