Yule Mwenye Jina la Mzee

Kibondo,
Alhamisi, baada ya vipindi

Mpendwa kaka Reverien,

Mwakeye. Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo huko Mwanza, na kwamba kikohozi cha wifi kimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Roho siwezi kuisemea mpaka nimalize kuandika. Huku mvua zimeanza, maharage yameota mpaka nyuma ya choo cha walimu, na wanafunzi wangu wananong'onezana kwa nini siku hizi nafundisha nimekunja uso.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unaniambia, "Kadia, punguza jazba," kisha mtandao unakatika mahali panapokufaa. Karatasi haikatiki. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu, hasa Bwana Gharibu na kampuni yake ya kuhudumia wagonjwa majumbani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kasulu. Sikukuaga kwa sababu ungenikataza. Aliyeniita ni Swaumu, jirani yetu muuza vitenge, na mdomo wake unaujua. Alisema nyumba ya mama yetu sasa inajitangaza yenyewe kwa harufu, hata mbuzi wake wamebadilisha njia, akauliza kama sisi wasomi wawili tulizaliwa na pua. Nilimjibu kwa hasira kwamba Mama ana mhudumu anayekuja kila siku, mwenye sare. Akasema sare ameiona, tena ni nzuri, ya bluu.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichoona ni glavu kwenye kamba ya nguo. Zile za mpira, za kutumia mara moja na kutupa, zimefuliwa na kubanwa kwa vibanio kando ya kanga ya Mama. Ndani, Mama amelala chali mchana kweupe, mdomo wazi, haamki. Nilipomgeuza, shuka lilikuja na ngozi. Kwenye nyonga, upande uliopooza, pana kidonda cha kuingia kidole. Mtu wa kiharusi hugeuzwa mara kwa mara asilalie upande mmoja. Tuliambiwa hivyo wewe na mimi siku Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, na kampuni ilikuahidi hivyo hivyo.

Mhudumu alikuwa uani akipuliza moto wa uji. Ni kijana mpole, simsingizii. Alisema aliomba glavu mpya akaambiwa azitunze alizonazo. Mafunzo yake yalikuwa video alizotumiwa kwenye simu, na nyingine hazikufunguka. Alisema bibi hakubali kuoshwa, hung'ang'ania blanketi, kwa hiyo yeye humfuta uso na miguu tu. Tena amechanganyikiwa, alisema, maana humwita yeye "mzee" na kumwomba radhi. Nikamuuliza jina lake. Akasema Tharsisi.

Kaka, nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Tharsisi ni jina la babu, mkwe wa Mama. Tangu aolewe Mama hajalitamka. Hata kanisani padre akimtaja mtakatifu wa jina hilo, Mama hufunga midomo. Na wewe unalijua hili kuliko mimi, kwa sababu ndilo jina ulilompa mwanao. Umewahi kumsikia Mama akimwita mjukuu wake kwa jina? Humwita "mzee wangu". Alimpokea akiwa mchanga kwa kuinama na kumpigia makofi taratibu, kama anayemwamkia mkwe kweli. Wifi alicheka mpaka akatokwa na machozi, nawe ukapiga picha.

Sasa kampuni ikamletea mwanamume mwenye jina la mkwe wake, amvue nguo na kumwosha. Angekubalije? Kwa ulimi wake mzito, kwa heshima yote iliyobaki humo, alimwambia, "Mzee, niwie radhi, niache." Ofisini wakaandika kwamba mgonjwa ni mbishi na anamwona kijana kama mzee. Kila Ijumaa walimpigia simu kuhakikisha ubora, kama wanavyouita. Umekula? Akaitikia, ego, ndiyo. Umelala? Ego. Anayekuhudumia anaitwa nani? Kimya. Mara moja alijitahidi akasema, "Yule mwenye jina la mzee." Kwa kimya hicho, bila daktari kumtazama, wakaamua kwamba amepoteza kumbukumbu, wakamwanzishia vidonge vya kumtuliza. Mtu aliyetulizwa hajigeuzi. Kidonda kikianza, halii.

Kijana amekulia Ujiji kwa shangazi yake, heshima za huku milimani hazijui. Bwana Gharibu asili yake ni pwani, naye naweza kumwelewa robo. Wewe nashindwa. Walikuandikia, "Mama anamwita mhudumu mzee, tunaomba ruhusa ya vidonge." Ukajibu, "Sawa." Gharibu mwenyewe alinionyesha ujumbe huo kwa fahari. Hukuuliza hata huyo kijana anaitwa nani.

Maana nilikwenda ofisini kwake siku ile ile. Alinikaribisha soda na kuninyooshea cheti ukutani. Nikakisoma chote. Kinamruhusu kufanya biashara. Habari ya kuuguza watu haimo. Nikamuuliza nani hukagua mwili wa mgonjwa, nani hufundisha wahudumu, na mgonjwa akitaka abadilishiwe mtu anamwambia nani. Akasema, "Dada yangu, mbona unanihoji kama nimevusha magendo mpakani Manyovu? Mteja wetu ni kaka yako, na mteja hajalalamika." Nikamwambia mteja hana kidonda. Akasema bibi naye hajalalamika. Ndipo nikamweleza habari ya jina. Alicheka, akaona uso wangu, akaacha. Akasema kama tatizo ni jina tu, basi kuanzia kesho kijana ataitwa Saady.

Neno hilo sijaacha kulitafuna. Hakuna aliyempiga Mama wala kumtukana. Walimwandika tu kama mtu asiye na akili, na baada ya hapo kila alichosema kikawa ugonjwa. Adabu yake ndiyo waliyoifanya kichaa.

Sasa nikueleze nililoliahirisha tangu mstari wa kwanza. Jumatatu ulinitumia picha uliyopewa na kampuni: Mama na kitenge cha kijani, kikombe cha uji mkononi, chini yake maneno, "Ameamka salama, amekula, amegeuzwa." Ukaongeza yako, "Umeona? Acha kuwasumbua watu."

Kaka, Jumatatu Mama hakuwa Kasulu. Yuko hapa kwangu tangu Jumapili. Nilimpeleka hospitali kwanza, wakasafisha kidonda, wakasimamisha vidonge, kisha Swaumu akatutafutia gari. Gharibu anajua, nilimwambia mwenyewe kwamba ninamchukua na nyumba nimeifunga. Picha alikutumia hata hivyo. Aliyegeuzwa Jumatatu ni godoro.

Simrudishi. Ukija kumchukua utanikuta mlangoni. Nimepeleka malalamiko kwa afisa ustawi wa jamii, lakini anataka na neno la aliyeingia mkataba, ambaye ni wewe. Wapo wazee wengine Kasulu wanaohudumiwa na kampuni hiyo, na watoto wao wako mbali wanapokea picha. Andika, na safari hii neno moja halitatosha. Usimtwishe kijana makosa ya waliomtuma.

Ninapokuwa darasani Mama hukaa na jirani yangu Deborah, mama mtu mzima. Siku ya kwanza Mama alimuuliza jina, akalirudia polepole mara kadhaa kama anayelionja, kisha akalegeza kanga mwenyewe ili aoshwe.

Vidonge vinamtoka mwilini, na maneno yanarudi. Jana aliuliza kama mzee wake ameshaota meno ya mbele yaliyong'oka wakati wa Pasaka, na kama bado anamkimbia yule bata wa jirani yenu. Mimi habari ya bata sikuwa nayo. Muulize wifi.

Msalimie sana wifi, na mzee mdogo mpigie makofi kwa niaba ya bibi yake. Swaumu pia anakusalimu, ila salamu zake haziandikiki. Mama nilipomwambia nakuandikia, alilitaja jina lako vizuri kabisa, Reverien, bila kukwama. Kisha akanyamaza. Ukimya huo sikuutafsiri. Njoo uusikilize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia