Mke wa Shujaa wa Jiwe

Jumamosi, 3 Mei

Nimepiga pasi mashati yake ya wiki nzima tena. Hakuniomba. Napenda tu kola zikae sawa anapotoka kwenda Makadara, ambako ni karani wa mahakama. Ochieng'. Mume wangu. Mume wangu! Hata kuliandika neno lenyewe kunanichekesha.

Mchana Baba katuletea zawadi ya harusi. Imechelewa kwa sababu hakutaka kuiharakisha. Imefika hapa mtaani Jericho kwa mkokoteni kutoka karakana yake ya Gikomba, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Sanamu ya mzeituni, mwanamume mwenye mkuki na mwanamke, bega kwa bega. Baba amechonga maisha yake yote, ila kitu kizuri hivi sijawahi kukiona. Kasema huyo ni shujaa wa Waluo, yule wa mwili wa jiwe, mikuki ilikuwa ikimgusa inapinda. Hadithi alisimuliwa na mteja aliyekuwa akisubiri viti vyake. Shujaa akaoa msichana wa kabila alilokuwa akipigana nalo. Baba akafikiria: hawa ni binti yangu Mkamba na Mluo wake. Viti vikawa tayari, mteja akaenda. Hadithi ikabaki nusu.

Ochieng' alimshukuru Baba mara nyingi mno. Baba alipoondoka ndipo akanipa nusu ya pili. Shujaa aliugua. Wembe wa kumchanjia dawa ulikataa kuingia kwenye ngozi yake, basi akamwambia mkewe achanje kivuli chake. Damu ikatoka. Mke akaijua siri, akakimbilia kwao. Wakaja, wakachoma kivuli kwa mkuki. Shujaa akafa, akawa jiwe.

Nimecheka mpaka machozi. Baba yangu katuletea msaliti kwenye harusi! Tumekubaliana hatutamwambia. Sanamu iko kando ya televisheni. Nimeipangusa mara tatu.

Jumatano, 7 Mei

Waya amekuja bila kupiga simu. Waya ni shangazi kwa Kiluo. Huyu ni dada mkubwa wa baba yake Ochieng', anakaa Donholm, na ndiye aliyemlea mume wangu tangu mama yake alipofariki. Kwa hiyo ni shangazi na mama mkwe kwa pamoja. Hakutaka tuoane. Hilo halikuwahi kuwa siri.

Aliiona sanamu kabla hajaketi. "Huyu bibi anafanya nini kwa nyumba ya mtoto wangu?"

Nikasema ni zawadi ya Baba.

"Eh! Nyar Kamba." Yaani binti wa Wakamba. Ananiita hivyo kama anayenipigia kura ya hapana. "Wazazi wengine huleta sufuria."

Hakunywa chai. Alisimama mlangoni akatoa masharti yake. Jumapili ya tarehe kumi na nane ataleta familia kuja kubariki nyumba, kama desturi yake kwa kila mtoto aliyemlea. Akimkuta huyo mwanamke hapo, hatavuka mlango. Na nyumba ambayo hajaibariki, mwenye nyumba hiyo asije kwake kula Krismasi.

Jioni Ochieng' hakumaliza chakula chake. Hana nyumba nyingine ya mama.

Ijumaa, 9 Mei

Nina hasira. Naandika nikiwa na hasira na sitafuta.

Kidato cha pili mwalimu wa historia alitukaririsha. Kuna mji mkubwa wa kale ambao watu wake walisema waanzilishi wao walinyonyeshwa na mbwamwitu, na wakapigana kama mbwamwitu. Kuna visiwa ambavyo wafalme wake walijiita wana wa jua, watu wakainama. Kuna taifa la kando ya mto lililoamini moyo wa maiti unapimwa kwa unyoya, likachimba na kujenga makaburi ya ajabu. Nilipata alama nzuri. Nilidhani ni mambo ya mbali, ya watu waliokufa.

Kumbe hadithi inaweza kushuka gari Jogoo Road, ikapanda ngazi zako, ikakataa chai yako. Watu walisimulia habari za mwanamke mmoja kizazi baada ya kizazi, mpaka kila bibi arusi wa kutoka nje akaonekana ameficha wembe. Na mimi ni Mkamba! Sisi hatukuwahi hata kupigana nao. Kwetu wanasema watu wa kwanza walitua juu ya mwamba, wakaacha nyayo. Hakuna aliyemchoma mtu kivuli.

Ochieng' kauliza, polepole, kama tunaweza kuiweka sanamu chini ya kitanda mpaka hiyo Jumapili ipite. Nikamuuliza na mimi nitawekwa chini ya kitanda lini. Ugomvi wetu wa kwanza. Ninampenda sana na leo simpendi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeenda Gikomba. Nilitaka kujua tu kama inawezekana kumkata yule mwanamke kwenye sanamu. Najionea aibu kuandika hivyo.

Ilibidi nimsimulie Baba mwisho wa hadithi. Aliketi juu ya gogo, vumbi la mbao kichwani. "Mwende binti yangu," akasema, "yaani nimewapelekea wakwe zangu adui wao, na msasa nikapiga?" Wenzake walicheka mpaka nyundo zikanyamaza. Yeye hakucheka. Akasema nimrudishie, atanichongea tembo. Tembo hana mambo na mtu.

Kisha akaeleza kuhusu kukata. Ni mti mmoja. Aliacha mabega yao yameungana kwa sababu mshipa wa mbao unapita humo. Ukimwondoa mwanamke, mwanamume anabaki na bega moja, na ule ufa hautaishia hapo.

Nimesema sitaki tembo.

Alhamisi, 15 Mei

Mume wangu! Nimemsamehe kila kitu. Kazini ana mwenzake anayetoka milima ya Nandi, kwao yule mke wa shujaa. Amemsimulia kisa chetu chote. Yule mtu akapiga meza: "Huyo ni dada yetu, bwana! Nyanya yangu alikuwa anatuambia ndiye aliyeokoa vijiji." Hadithi ile ile. Kivuli kile kile. Upande huu wa mlima ni nyoka, upande ule ni mkombozi.

Ochieng' karudi na hiyo habari kama aliyeniletea maua. Akasema, "Sanamu haitoki. Waya nitamfungulia mlango mwenyewe." Akanibusu shingoni nikisonga ugali. Ugali uliungua. Tuliula.

Jumapili, 18 Mei

Walifika baada ya ibada. Waya, baba wakubwa wawili, wake zao, watoto. Waya alisimama kizingitini, akaangalia kando ya televisheni.

"Bado yuko."

"Yuko, Waya. Karibuni," Ochieng' akasema.

Hapo akaanza kusimulia, pale pale barazani, kwa sauti ya kusikika na majirani. Alitaja mto. Alitaja ugonjwa, wembe, aliyerusha mkuki. Anasimulia vizuri, lazima niseme. Watoto waliacha kusukumana. Mimi mwenyewe niliona damu.

Alipomaliza nikauliza, "Mwanamke aliitwa nani?"

Waya alimtazama baba mkubwa mmoja. Baba mkubwa akatazama viatu vyake.

Nikasema: Mlimchukua kwa watu mliokuwa mnawaua. Alipika, mkala. Alimwuguza mume wake. Mnajua jina la kila mtu, hata la mto, na hakuna aliyemwuliza lake. Mimi naitwa Mwende. Baba yangu ni mchongaji, na hii ameichonga kwa heshima yenu. Haitoki. Chai iko tayari.

"Mtoto wa watu ana mdomo," Waya akasema.

"Anao, Waya," Ochieng' akasema. "Ni mke wangu." Aliushika mlango ukiwa wazi, na hakuinamisha macho.

Waya akageuka, akashuka. Wake wa baba wakubwa wakamfuata. Baba wakubwa wote wawili waliingia, wakala chapati kama walioachiliwa shule. Ochieng' alicheka nao. Baadaye nilimkuta jikoni ameegemea sinki, analia. Nilimshika tu. Sijuti. Inauma na sijuti.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kidogo mchana. Waya amekuja peke yake.

Aliketi kiti kinachotazama sanamu, akaitazama kwa muda. Akaona vumbi kwenye mkunjo wa nguo ya yule mwanamke, akalitoa kwa ncha ya leso yake.

Nilimletea chai. Akanywa.

Akaniuliza mama yake mama yangu aliitwa nani. Nikamwambia, Kanini. Akauliza kwao ni wapi. Nikamwambia. Akauliza na mama yake Kanini je.

Hilo sikulijua. Nikampigia Baba simu pale pale, naye akasema atauliza nyumbani.

"Uliza," Waya akasema. "Nitangoja."

Akajimiminia kikombe cha pili.