Baba, Mimi Ndiye Niliyesema Nne

Baba yangu, uliyekuwa ukikaa mkabala nami mezani,

Mwangaluka, Baba. Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, na kwa sababu likitangulia, huenda yanayofuata yatanitoka bila kunikaba.

Nimeolewa na Masanja, kijana wa Mwanhuzi anayeuza dawa za mifugo hapa mjini Bariadi. Ungempenda. Ana sauti ya chini, anacheka kwa mabega, na akirudi jioni huita jina langu tangu getini kama mtu anayeogopa kuwa nimehama. Nikiwasimulia wenzangu wananicheka, wananiambia subiri mwaka upite. Upite tu, nawajibu. Ng'ombe wa mahari walipoletwa nyumbani Kasoli, baba mdogo ndiye aliyesimama mahali pako kuwapokea. Alisimama vizuri. Lakini mimi muda wote nilikuwa natazama chini, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vyako.

Furaha hii ningeiandika kurasa kumi. Nakuandikia kwa jambo jingine, tena nakuandikia mbele za watu, kwa kuwa aibu uliyoibeba ulibebeshwa mbele za watu. Wanaocheza briji hapa Bariadi wamelifanya jina lako kuwa jina la kosa. Mtu akipoteza karata iliyokuwa wazi wanasema "amepiga Nkwabi". Wanasema hata ambao hawakuwahi kukuona. Na kosa lile, Baba, lilikuwa langu.

Unaikumbuka desturi yao. Kosa hupewa jina la aliyelifanya kwanza. Kusahau kuhesabu turufu ni "Sayi", na Mama Sayi mwenyewe hulitamka akicheka, maana yeye yupo, anaweza kucheka.

Kwa atakayesoma barua hii naye haujui mchezo wetu, nieleze kama ulivyonieleza mimi nikiwa kidato cha pili. Uliujifunza kwenye kinu cha kuchambua pamba ulikokuwa fundi wa mitambo, pale meneja, Mhindi mmoja mpole, alipokosa mtu wa nne umeme ulipokatika. Ni karata za watu wanne, wawili wawili, mtu na mwenzake wakitazamana. Kabla ya kucheza kuna mnada: kwa zamu mnataja mtakula mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu, na turufu itakuwa ipi. Sita ya kwanza haitajwi. Ukisema tatu umeahidi tisa, ukisema nne umeahidi kumi. Ukiahidi usichokiweza, unaanguka.

"Sasa kumbuka, mayu," ulisema, maana uliniita mayu, mama, tangu nikiwa mdogo. "Huwezi kumwona mwenzako karata zake. Huruhusiwi kumkonyeza wala kukohoa. Una yale maneno ya mnada tu. Kwa hiyo ni lazima mkubaliane mapema kila neno lina maana gani, na mkishakubaliana, umwamini."

Ndiyo maana uliandika daftari. Kila asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kwenda kwa Mwalimu Limbu kucheza, ulinikalisha kwenye benchi nje ya jiko ukinihoji. Shupaza moja maana yake nini? Kopa mbili je? Mama alipita na ndoo akasema, "Mnafundishana kuomba maji kwa Kizungu?" Ulicheka mpaka ukavua kofia. Nilikuwa na furaha siku zile na sikujua kuwa ni furaha. Niliona ni Jumamosi tu.

Halafu ikaja Mwanza.

Tulikwenda wanne kwa gari la Mwalimu Limbu kwenye mashindano madogo ya timu, ukumbi wa shule. Wewe na mimi meza moja, Mwalimu na Mama Sayi meza nyingine, na karata zile zile zilichezwa kwenye meza zote mbili ili ionekane nani kazicheza vizuri zaidi. Tulifika mchezo wa mwisho tukiwa karibu kushika kombe. Nilikuwa na gauni la njano. Nilitaka kombe lile kuliko nilivyotaka kula.

Ulianza mnada: "Shupaza moja." Mpinzani wa kushoto kwako akatia pau mbili. Nikakuunga mkono kwa shupaza mbili. Wa kulia akapita. Ukasema, "Shupaza tatu."

Karibu kila mtu anayecheza briji, mwenzake akisema tatu hapo, ni mwaliko: kama una karata nzuri kidogo, panda hadi nne. Nami nilikuwa na karata nzuri kidogo. Nikasema nne, kwa sauti, nikiringa.

Wewe hukubadilika uso. Uliangalia dari kidogo, kama ulivyozoea, kisha ukaanza kucheza.

Nililaza karata zangu wazi mezani, kama sheria inavyotaka kwa mwenzake anayecheza, nikabaki mtazamaji. Kila kitu kilikuja kumtegemea mfalme wa uru. Mimi nilikuwa na ree ya uru, inayomla hata mfalme, na malkia, jeki na kumi. Wewe ulikuwa na uru moja tu. Mfalme alikuwa kwa mpinzani, na alinukia kushoto, kwa yule aliyetia neno kwenye mnada. Ukimtafuta kushoto akawepo, unakula mizunguko tisa. Ukimtafuta kulia akawepo, unakula kumi. Ukimtafuta kulia naye yuko kushoto, unabaki na nane.

Ulikaa muda mrefu. Jasho lilikutoka kwenye paji la uso na ukumbi haukuwa na joto. Kisha ukaweka ree, ukamleta malkia, ukamtafuta mfalme kulia. Akatokea kushoto. Nane.

Tulikosa kombe kwa pengo dogo, pengo la karata zile. Nje ya ukumbi Mwalimu Limbu alikuwa ameshikilia karatasi ya matokeo kama barua ya kufukuzwa kazi.

"Nkwabi! Mezani kwangu wamekula tisa kwa karata hizo hizo. Wewe nane. Mfalme alikuwa kushoto, ngosha, hata kuku angemdonoa!"

"Na nne mliifikaje?" Mama Sayi aliuliza. "Wao walitulia kwenye tatu."

Hakukuuliza wewe, aliniuliza mimi. Nami nikajibu haraka, "Baba alinialika, mama. Nikapokea."

Uliniangalia. Nimeutafuta mtazamo ule mara nyingi tangu siku hiyo ili nione kama ulikuwa na hasira. Haukuwa na hasira. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kujitwisha.

"Nimehesabu vibaya," ulisema. "Mniwie radhi."

"Umeuza kombe kwa karata moja! Kuanzia leo hiyo ndiyo Nkwabi," Mwalimu akasema, na Mama Sayi akacheka, na mimi, Baba, nikacheka pia.

Tulipopita Lamadi nilikuambia, mbele yao, "Si ungemtafuta kushoto tu? Mbona rahisi?" Ulikuwa umejishika ubavu, umeegemea kioo. "Ni kweli, mayu," ulijibu. Sikukusemesha tena hadi Bariadi. Na Jumamosi mbili zilizofuata niliomba nikae na Mama Sayi, nikakuacha ukakae na Mwalimu. Hukuuliza kwa nini. Ulinisogezea kiti. Jumamosi ya tatu hukuja, kwa sababu ulikuwa hospitali, na mvua za kwanza ziliponyesha tulikuwa tumeshakuzika. Mara ya mwisho mimi na wewe kuketi tukitazamana ilikuwa Mwanza.

Nilikulilia, nikakuombea. Lakini kumbuka nilikuwa bado naamini kuwa ulikosea. Nilikusamehe, Baba. Ndilo linalonichoma zaidi. Nilisimama kaburini nikakusamehe.

Sasa sikia. Masanja ananipenda kiasi kwamba alitaka kujua kila nilichowahi kukipenda. Tulipomaliza wiki ya kwanza ya ndoa alisema, "Nifundishe karata za baba." Nikampa daftari lako. Asubuhi moja nilikuwa nachagua mchele barazani, yeye akisoma kwa kutamka kama mtoto wa darasa la pili.

"Mke wangu," akasema, "hapa sielewi. Ameandika: shupaza moja, shupaza mbili, shupaza tatu, simama. Amepigia mstari mara mbili. Maana yake nini?"

"Maana yake ni mwaliko," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Hapana. Anasema: tatu hapa si mwaliko. Nafunga mlango wapinzani wasiingie. Mayu, usiongeze neno."

Ungo ulinitoka mikononi. Masanja alidhani nimeumwa na nge.

Nilikumbuka benchi, nikakumbuka sauti yako ukinihoji hilo hilo, hata nikakumbuka mimi nikilijibu vizuri. Kwa wengine wote tatu ni mwaliko. Kwetu wawili tu ilikuwa ni kusimama. Uliniambia nisimame na mimi nikapanda, kwa sababu ya kombe. Kwenye tatu ungehitaji tisa, nawe ungemtafuta mfalme kushoto, ungemkuta, tungelichukua kombe lile. Nilipokupandisha nne, tisa zikawa hazifai kitu. Njia salama ilikuwa njia ya kuanguka kwa uhakika. Ulimtafuta kulia kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kuitimiza ahadi niliyoitoa mimi. Ulicheza sawasawa. Ulicheza kuliko watu wote mle ukumbini.

Ungeweza kusema sentensi moja tu: mtoto amesahau makubaliano. Usingekuwa umesema uongo.

Masanja alinikumbatia sakafuni katikati ya mchele. Hakuniambia "ni mchezo tu", na kwa hilo nitampenda hadi nizeeke. Alisema, "Jumamosi twende ukawaambie. Nitakaa nyuma yako."

Niliogopa. Mimi ni bibi harusi bado, watu wananiita hivyo njiani, wananitania, nimezoea kupendwa. Sikutaka kufika mbele ya wale wazee nikiwa niliyemcheka baba yangu kwa kosa langu mwenyewe. Niliahirisha Jumamosi mbili. Ya tatu nilikwenda. Niliweka daftari mezani, nikazipanga karata zile kama zilivyokuwa, nikasema yote.

Mwalimu Limbu alivaa miwani. Alisoma ukurasa. Akazicheza karata peke yake, akijaribu kushoto, akijaribu kulia, akirudia. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Hakukuwa na kumi nyingine," alisema mwisho. "Alikuwa sahihi, mzee wa watu. Kwa nini hakusema?"

"Angesema nini, Mwalimu, na mtoto amesimama pale na gauni lake?" Mama Sayi akamjibu. Alikuwa analia. "Nasi tulivyomcheka."

"Mimi ndiye niliyelitunga lile jina," Mwalimu akasema. "Nimelitumia hata kwenye msiba wake. Hata msibani, nikiwasimulia watu!"

Walikubaliana hapo hapo kwamba halitatamkwa tena. Nikawaambia kosa lile lipewe jina langu: mtu akiongeza alipoambiwa asimame, waseme amepiga Kabula. Mwalimu alisema sawa.

Jumamosi iliyofuata walikuja wachezaji wapya wawili, vijana wanaofanya kazi benki. Mmoja akapoteza karata ya wazi, na mwenzake, ambaye hakuwahi kukuona hata kwenye picha, akagonga meza: "Aa, umepiga Nkwabi!" Mwalimu akafoka. Yule kijana akashangaa, akauliza, "Kwani Nkwabi ni mtu?"

Basi ndivyo ilivyo, Baba. Jina limeshatoka, limefika Maswa, limefika Mwanza, na siwezi kwenda mlango kwa mlango. Ndiyo sababu nimeandika hapa, anayejua kusoma asome. Nkwabi alikuwa mtu. Alikuwa fundi wa kinu cha pamba, alikuwa na kofia aliyoivua akicheka, na katika karata zile hakukosea hata moja.

Naweza kukwambia kuwa nimepata nafuu, lakini nitakuwa nakudanganya. Nina mume ninayemtamani akiwa chumba cha pili tu, na bado kuna saa za mchana ambapo nakaa kwenye kiti nikiwa sina nguvu ya kuinua sufuria. Kosa langu sasa nalibeba mwenyewe, mbele ya wote. Ni zito, Baba. Sikujua ni zito hivi. Na wewe ulilibeba ukiwa mgonjwa, tangu Mwanza, katika gari lile, huku mimi nikikuuliza mbona rahisi.

Wabeja, Baba, asante. Pumzika mahali ambapo hakuna wa kukudai maelezo.

Ni mimi, binti yako,
Kabula