Kioo Ambacho Hakikupigwa Nyundo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ikhlas amevunja kioo cha mlango wa chekechea kwa kichwa. Alikuwa anawahi uji. Nyuzi tatu kwenye paji la uso – na kikombe hakukiachia! Mama yake, Mwanaharusi, hakunigombeza mimi mwalimu wake. Alisema tu mtoto atarudi mlango ukiwa salama. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Hamduni kaja Nyamuswa kutoka Bunda na sampuli nne. Kamati imekaa, yaani mwenyekiti mzee Makongoro na wa kumwitikia. Mzee kaomba nyundo.

Cha kawaida – visu vitupu. Cha temper, kilichokazwa kwa moto, kilivumilia mara mbili, ya tatu kikamwagika chote, chembechembe kama chumvi ya mawe. Laminated ikapasuka kila mahali lakini haikuanguka, plastiki ya katikati imeishikilia. Hamduni akaeleza kwamba hivyo viwili ndivyo vya watoto, vikivunjika havikati. Mzee akasema kuvunjika ni kuvunjika, yeye hanunui ng'ombe wa mguu mbovu eti kwa sababu bado amesimama.

Cha nne ni cheusi, cha kujiona: wa nje anajiona mwenyewe, wa ndani anaona nje. Hakukipiga. Kizuri mno! Basi kikapita, maana ndicho pekee ambacho hakikuvunjika. Hamduni akaninong'oneza kwamba ni kioo cha kawaida tu kilichotiwa rangi. Nikanyoosha mkono. Nikaambiwa mwalimu afundishe.

Jumamosi, 15 Machi

Kile cheusi kimefungwa mlangoni. Mzee kajitazama, kaweka kofia sawa. Mwanaharusi kaniuliza kama ni salama. Nikamwambia kamati imepitisha. Naona aibu. Ikhlas anarudi Jumatatu.

Jumanne, 18 Machi

Saa nne asubuhi. Siku ya mnada wa ng'ombe. Naandika jikoni.

Dume la mzee Makongoro limewaacha wenzake barabarani. Limeona dume jingine mlangoni kwetu – jeusi, jeuri, halirudi nyuma! Linachimbua udongo kwa kwato. Watoto wote nimewaleta huku, thelathini na mmoja, nimewahesabu mara mbili. Ikhlas kashika sketi yangu. Ninaogopa kweli.

Kutoka hapa tunaona nje vizuri. Mzee kasimama katikati ya dume na kioo, katandaza koti afunike ile picha ya dume lake kiooni. Koti linafika nusu.

Ananiita kwa upole, asilichokoze. "Mwalimu. Yule fundi wako... kile kinapasukaga halafu kinabakiaga palepale. Anacho bado?"